Kisa cha beringi iliyobanwa: noti moja kwenye mchoro na mkono wa roboti uliotetemeka kila asubuhi

Hiki kisa nawaandikia wenzangu mnaoanza kazi ya kuchora mitambo kwenye roboti, nyie ambao bado mnaitwa majunia. Mimi nilikuwa na miezi saba tu kazini kilipotokea, na kama kuna mtu angenisimulia mapema tungeokoa karibu wiki tatu za watu wengi. Kampuni sitaitaja, na watu nitawataja kwa kazi zao tu.

Kazi yangu ilikuwa hivi: mainjinia wakubwa wanabuni, mimi nachukua modeli ya 3D natoa michoro ya kwenda karakana, naweka vipimo, naweka tolaransi (kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupotoka), naandika noti (maelezo ya maneno kwenye mchoro), na mabadiliko yakija napandisha rivisheni, yaani toleo la mchoro. Watu wa nje wanaiona kama kazi ya kubonyeza kompyuta tu. Lakini ule mchoro ndo kitu pekee ambacho mtu wa mashine anakiona, yeye hajui mlichoongea kwenye mkutano, anajua kilichoandikwa pale, basi.

Mkono wetu ulikuwa na viungo sita, na kisa chote kiko kwenye kiwiko. Pale kiwikoni kuna hausingi ya alumini, yaani ganda lenye matundu mawili ya beringi (ringi mbili zenye gololi katikati), na beringi zenyewe ni 6805, zile nyembamba: tundu la ndani 25 mm, nje 37 mm, upana 7 mm. Kwenye roboti zinapendwa sana kwa sababu ni nyepesi na hazili nafasi, lakini ringi zake ni nyembamba, ukizibana kidogo zinasikia haraka kuliko beringi nene, hilo mliweke akilini maana litarudi. Matundu niliyaandika 37 H7, H7 ikiwa alama ya tolaransi, yaani kuanzia 37.000 mpaka 37.025 mm, na beringi yenyewe kwa nje inatoka kiwandani kati ya 37.000 na 36.989. Kwa fiti hiyo beringi inaingia kwa kusukuma na kidole gumba, haihitaji presi wala nyundo.

Mkono wa kwanza tuliutengeneza kwa rivisheni A, alumini tupu, ukafanya kazi vizuri kabisa. Baadaye mteja akasema anaenda kuutumia sehemu yenye vumbi linalosugua, anataka uso mgumu, kwa hiyo injinia mkuu wetu akanitumia ujumbe mfupi: piga anodaizi ngumu (koti gumu la oksaidi) ya maikroni 50 kwenye sehemu zote za alumini. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nikaandika noti, nikainakili kwenye michoro kumi na moja, nikapandisha yote kuwa rivisheni B, nikaweka herufi za jina langu kwenye kona ya mchoro, mkaguzi akapitia akasaini. Kazi ya mchana mmoja. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo, nakumbuka.

Mikono ya pili na ya tatu ikatengenezwa kwa rivisheni B, na hapo ndo shida ikaanza.

Asubuhi ukiwasha, kiwiko kinatetemeka. Si kutetemeka kwa kutisha, ni kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa na anaogopa kumwaga, ncha ya mkono inacheza kidogo kidogo hasa ukiuamuru uende polepole, na umeme unaoliwa na mota ya kiwiko unakaribia mara mbili ya ule wa mkono wa kwanza kwa mwendo uleule. Siku nyingine unasimama kabisa na alamu kwamba kiungo kimeshindwa kufuata amri. Ukiuacha uzunguke kama nusu saa unatulia taratibu, mpaka saa nne unaweza kuapa kwamba hauna tatizo lolote. Hiyo tabia ya kutulia ndo iliyotupoteza.

Watu wa programu ndo waliitwa kwanza, si unajua roboti ikitetemeka kila mtu anawatazama wao. Wakapunguza nguvu za kontrola ya PID, ile inayosahihisha mwendo wa mota, mtetemo ukapungua kweli, lakini mkono ukawa mlegevu, ukiufikisha mahali hausimami pale pale. Wakarudisha. Watu wa umeme wakabadilisha enkoda, kile kipima mzunguko wa kiungo, na kebo yake, hakuna kilichobadilika. Halafu likaja wazo ambalo wote tulilikubali, mimi nikiwa mbele: ni grisi. Grisi ikiwa baridi inakuwa nzito, mota inahangaika, ikipata joto inalainika na mkono unatulia. Ukilisikiliza halina kasoro, linaelezea asubuhi, linaelezea nusu saa, linaelezea umeme. Tukabadilisha grisi kwenye mkono wa pili tukaweka nyepesi zaidi na hali ikawa nafuu kidogo, basi tukazidi kuamini.

Kilichonitoa hapo ni kitu kidogo. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa nasubiri mkono wa tatu upate joto, na pembeni mkono wa kwanza unaendelea na majaribio yake, kimya, haujui tatizo. Nikamuuliza fundi wetu, "Mzee, huu wa kwanza uliuwekea grisi gani?" Akasema, "Ileile mwanangu, kopo lile lile." Kopo moja, chumba kimoja, asubuhi moja, baridi moja. Kama ni grisi kwa nini huu hautetemeki?

Nikachukua karatasi nikaandika kila kitu kilicho tofauti kati ya mkono wa kwanza na hii miwili. Mota za aina moja, giaboksi za aina moja kutoka kundi moja, programu toleo moja, beringi zimetoka boksi moja. Mwishoni ikabaki mistari miwili: aliyeunganisha mkono wa kwanza alikuwa mzee peke yake na baadaye alikuwa na msaidizi, na rivisheni. A na B. Nikafungua mchoro wa B na tofauti ilikuwa moja tu, noti yangu.

Nilirudi kwa mzee nikamwomba anieleze kila hatua alivyounganisha kiwiko cha mkono wa pili, bila kuruka hata kitu kidogo. Akanieleza vitu viwili ambavyo kwake vilikuwa vya kawaida kabisa. Cha kwanza, thredi za M4 zilikuwa zinakaza, bolti inaingia mizunguko miwili inagoma, ikabidi apitishe tapu, kile kifaa cha kuchonga thredi, tena kwenye kila tundu. Cha pili, beringi zilikataa kuingia kwa mkono, kwa hiyo akaiweka hausingi kwenye oveni mpaka ikafika kama nyuzi 100 na beringi zikadondoka zenyewe ndani, safi. Mzee ametoka kwenye pampu na mota kubwa, kule kupasha joto hausingi ni jambo la kila siku na ni njia sahihi, na mimi sina neno juu yake. Alumini inatanuka kama maikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, kwa tundu la 37 mm ukilipandisha nyuzi 80 linafunguka kama maikroni 68. Hiyo ni nafasi ya kutosha kuficha kosa lolote nililolifanya. Na lilijificha.

Tukakifungua kiwiko cha mkono wa tatu. Kabla hatujaitoa beringi, mzee aliondoa shafti akaingiza kidole kwenye ringi ya ndani akazungusha, halafu akaniambia nami niweke kidole. Beringi nzima, nzuri, ukiizungusha inateleza kama maji na ukiiachia inaendelea kidogo. Hii ilikuwa inakwenda kwa vituo, yaani unasikia kila gololi inapita, kama unavuta mnyororo juu ya ukingo wa meza. Tukapasha hausingi tukaitoa, tukaiacha ipoe, tukaizungusha ikiwa nje: laini. Kwa hiyo ilikuwa inabanwa na tundu.

Tukaacha hausingi ipoe usiku kucha ndo tukapima, maana kupima alumini yenye joto ni kujidanganya. Tundu lilisoma 36.962. Mchoro unasema lisipungue 37.000. Nikaenda kwenye faili la ukaguzi la karakana, na ripoti ya tundu lilelile, hausingi ileile, inasema 37.012. Sahihi kabisa, katikati ya tolaransi. Tofauti maikroni 50 kamili.

Sasa hapa nieleze kidogo anodaizi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naifikiria kama rangi, kitu unachopaka juu. Siyo. Alumini inawekwa kwenye tangi la asidi, inapitishiwa umeme, na uso wake wenyewe unageuka kuwa oksaidi. Koti linakula alumini kwenda ndani na wakati huohuo linaota kwenda nje, na kwa anodaizi ngumu kanuni ya karakana ni nusu kwa nusu. Koti la maikroni 50 linaingia ndani 25 na kupanda juu 25. Kwenye uso bapa unaona kitu kimenenepa kwa maikroni 25, hakuna anayejali. Kwenye tundu, ukuta unapanda kutoka pande zote mbili, kwa hiyo kipenyo kinapungua mara mbili ya hiyo, maikroni 50. Kwenye thredi ni mbaya zaidi kwa sababu ya ule mteremko wa nyuzi 60, kipenyo cha kati cha thredi kinabadilika mara nne ya kile kilichopanda, yaani 25 mara nne, maikroni 100, ambazo ni 0.1 mm. Ndo maana bolti za mzee zilikuwa zinagoma. Ule ulikuwa ujumbe wa kwanza na ulifika wiki mbili kabla ya mtetemo wenyewe, lakini tapu ilipita juu yake ukanyamaza.

Rudi kwenye beringi. Nje yake tulipima 36.995, tundu 36.962, kwa hiyo mbano wa maikroni 33 mahali palipotakiwa pawe na ulegevu kidogo. Beringi ya tundu la 25 mm yenye nafasi ya kawaida ya ndani inakuja na maikroni 5 mpaka 20 kati ya gololi na ringi, hiyo ndo pumzi yake. Ringi ya nje ikibanwa, sehemu kubwa ya mbano inapita mpaka ndani, na kwa ringi nyembamba kama hizi sisi tulikadiria theluthi mbili, maikroni 22. Hata kama beringi ingekuja na nafasi kubwa kuliko zote, 20, ilikuwa imekwisha na gololi zimeanza kukandamizwa.

Na ile nusu saa? Kiwiko kikipata joto, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha beringi. Kwa nyuzi 25 za kupanda, tundu linafunguka kuliko ringi kwa karibu maikroni 10. Theluthi ya mbano inaondoka yenyewe na mkono unatulia. Grisi nayo inalainika palepale, kwa hiyo maelezo yetu ya grisi hayakuwa ya uongo, yalikuwa sehemu ndogo ya ukweli, na sehemu ndogo ya ukweli inaweza kukushikilia wiki nzima.

Ninachotaka mkione hapa, na ndo sababu ya kuandika yote haya, ni kwamba hakuna aliyevunja mchoro. Karakana ilitoboa 37 H7, ikapima, ikaandika. Mpiga anodaizi aliambiwa maikroni 50, akapima unene wa koti, 50, akaandika. Kila mmoja ana karatasi yake safi. Mchoro wangu haukusema kama 37 H7 ni kabla ya koti au baada ya koti, na hakuna aliyeambiwa apime tundu mwishoni. Kiwango cha Marekani cha michoro, ASME Y14.5, kinataka kabisa mchoro wa kitu kinachopigwa koti useme vipimo ni vya kabla au vya baada. Nilikuwa nacho kwenye kompyuta. Na modeli ya 3D haikusaidii hapa, kwenye skrini tundu ni 37 leo, kesho na mwaka kesho, haijui kwamba kuna tangi la asidi linaisubiri. Anayejua ni yule anayeandika noti, na nilikuwa mimi. Noti niliichukulia kama maneno, kumbe ndani yake mlikuwa na kipimo, maikroni 50 kwenye kila tundu la michoro kumi na moja.

Nilienda kwa injinia mkuu nikamweleza, nikamwonyesha karatasi mbili za ukaguzi na kipimo chetu. Nilikuwa naogopa, siwezi kusema vingine. Akaangalia namba kwa muda, akasema, "Ujumbe nilikutumia mimi, na saini ya mkaguzi ipo, kwa hiyo tuko watatu. Sasa niambie tunazirekebishaje." Hiyo sentensi naikumbuka mpaka leo kwa sababu iligeuza woga wangu kuwa kazi.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka: tuivue anodaizi, tutarudi 37.012. Mzee akasema, "Piga hesabu kwanza mwanangu." Nikapiga pale pale kwenye ubao na nilishukuru nilipiga. Nusu ya koti ilikuwa alumini yetu. Ukivua koti lote unaondoa 25 zilizopanda na 25 zilizoliwa, kila upande, kwa hiyo tundu haliendi 37.012 bali linaenda 37.062, beringi inacheza ndani kama kokoto kwenye kopo na hausingi ni ya kutupa. Fikiria kama tungevua kwanza ndo tukahesabu.

Kulikuwa na wazo la kununua beringi za nafasi kubwa zaidi, C3, zile za maikroni 13 mpaka 28, na kuacha mambo mengine kama yalivyo. Lingefanya kazi kwa bahati kwenye baadhi ya mikono, na kila mkono ungekuwa na tabia yake. Injinia akalikataa na naona alikuwa sahihi, kwenye roboti unataka mikono kumi inayofanana, programu imeandikwa kwa mkono mmoja.

Tulichofanya ni kusugua tundu kwa jiwe la almasi, polepole, kupunguza ile nusu iliyopanda juu tu. Kutoka 36.962 mpaka karibu 37.010 ni maikroni 24 kila upande, na chini yake bado kuna koti gumu linabaki. Almasi kwa sababu ile oksaidi ni ngumu sana, ukiingiza kisu cha kawaida kinaisha makali kabla hujapata kitu. Mzee alifanya tundu la kwanza yeye, akipiga pasi chache, anafuta, anasubiri lipoe, anapima sehemu tatu kwa pembe tofauti, anaendelea. Lilimchukua asubuhi nzima. Mwisho akafuta kwa tambara safi, akanipa beringi mpya, akasema weka. Nikaiweka mdomoni mwa tundu, nikaisawazisha, nikasukuma na kidole gumba. Iliingia yenyewe mpaka chini na hewa ikatoka pembeni kwa sauti ndogo sana. Zile za zamani hatukuzirudisha, gololi zilikuwa zimeshaacha alama kwenye njia yake.

Rivisheni C niliichora upya kwa uangalifu. Matundu ya beringi yanazibwa wakati wa anodaizi, na eneo la kuziba nimelionyesha kwa mstari mnene wa vistari na nukta ili mtu asikisie. Thredi zote zinawekewa vizibo. Mtu wa umeme aliponiona nachora akaniongezea jambo ambalo sikulifikiria: koti la anodaizi halipitishi umeme, kwa hiyo pale panapofungwa waya wa ethi nako pazibwe, la sivyo unafunga waya kwenye kitu ambacho ni kama kaure. Noti mpya inasema vipimo vyote ni vya baada ya koti, na matundu ya 37 yapimwe na kuandikwa baada ya anodaizi. Kwenye karatasi ya kuunganisha tukaongeza mstari mmoja kwa ombi la mzee mwenyewe: beringi ya kiwiko ikikataa kuingia kwa kidole, simama, usipashe joto, piga simu.

Nilidhani nimemaliza. Nikampelekea mzee nakala ya C aione, akaisoma, akaigeuza, akaniuliza, "Umesema ile noti uliinakili michoro mingapi?"

Kumi na moja. Nilikuwa nimerekebisha mmoja. Kati ya ile kumi iliyobaki kulikuwa na flanji ya mwisho ya mkono, yaani bamba la kufungia, pale mteja anapofunga kishikio chake, na ile tuliichora kwa kiwango cha ISO 9409-1, duara la 50 mm lenye bolti nne za M6, kitovu cha 31.5 H7 na tundu la pini la 6 H7. Tolaransi ya hilo tundu la pini ni maikroni 12 tu. Ondoa 50 na pini ya 6 haiingii kwa nguvu yoyote, na aliyenunua kishikio anaigundua akiwa kwake na mkono umeshafungwa sakafuni.

Flanji za kundi jipya zilikuwa zimetoka kwetu jana yake kwenda kupigwa anodaizi. Nilipiga simu nikiwa nimesimama palepale kwenye meza ya mzee, ikaita muda mrefu, dada mmoja akapokea, nikamsomea namba ya oda. Akasema subiri kaka nikaangalie. Akarudi akaniambia zimeshatundikwa kwenye fremu, zimeshaoshwa, zinasubiri zamu ya tangi. Nikamwambia tafadhali zitoe, zote, mchoro mpya unakuja leo.